Waliotangulia Kubisha Hodi Vyuoni

Katika historia ya elimu ya Afrika ya Mashariki limo jambo moja ambalo taarifa za serikali hulipita kwa haraka, nalo ni namna kijana ambaye baba yake hakupata kushika kalamu, wala mama yake hakupata kuketi darasani, alivyojasiri kuomba nafasi katika chuo ambacho hapana mtu wa ukoo wake aliyekijua kilipo, kwa lugha isiyosemwa nyumbani kwake, na kwa ada isiyopatikana ghalani wala zizini kwa wazazi wake. Hesabu ya waliofaulu imehifadhiwa, na majina ya walimu wakuu yametukuzwa kwa haki. Bali kazi ya kuomba yenyewe, pamoja na fedheha zake, gharama zake, na watu walioibeba pasipo kutajwa, imeachwa ipotee. Nami naona kuwa mwenye kuichunguza kazi hiyo kwa makini atatambua kwamba, tangu zama za masheikh hadi zama za ndege, mchujo wa wanafunzi ulitangulia kupima kitu kingine kabla ya kupima akili, na kwamba kila mchujo ulipovunjwa haukutoweka, ila ulihamia mahali pengine.

Safari ya kutafuta elimu haikuanza na Wazungu. Kijana wa pwani aliyehitimu Kurani kwa mwalimu wa mtaani kwake, na moyo wake ukamsukuma kuzama katika fikihi, nahau na tafsiri, aliwafuata masheikh Lamu, Unguja na Ngazija, na mwenye uwezo alivuka bahari mpaka Hadhramaut na Makka, akasoma mbele ya sheikh wake mpaka apewe ijaza ya kufundisha. Hapakuwa na karatasi ya maombi wala mtihani wa kuingilia, lakini palikuwa na nasaba, na nasaba ilitosha kuwa kizuizi. Mtoto wa sharifu au wa tajiri alikaribishwa penye elimu kama mtu arudiye kwao, ilhali mtoto wa mtumwa au wa mgeni alitakiwa aridhike na sura chache za kusalia. Ndiyo sababu Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija akakaa Lamu, na ambaye jina lake limeambatana na msikiti wa Riyadha uliojengwa karibu na mwisho wa karne ya 19, alipowafundisha wazi watu wa tabaka la chini, wakubwa wa mji walichukizwa. Elimu aliyofundisha ilikuwa ile ile waliyoijua. Kilichowachukiza ni kuona nani anaifundishwa.

Utawala wa Kiingereza ulipokuja na shule zake, kigezo cha nasaba kilififia mahali pengi, lakini mahali pake pakashikwa na vigezo viwili vingine. Cha kwanza kilikuwa dini, kwa maana shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na misheni haikuficha kwamba ilisomesha ili ipate waumini. Kwa hiyo mzazi Mwislamu wa pwani alitakiwa achague baina ya kumweka mwanawe nyumbani na kumtia katika shule aliyoogopa kuwa itamnyang'anya imani. Wengi walichagua la kwanza, na gharama ya uchaguzi huo ililipwa na wajukuu. Cha pili kilikuwa hesabu ya kazi. Serikali ilikadiria ni makarani wangapi, waganga wasaidizi wangapi na walimu wangapi iliowahitaji, kisha ikafungua nafasi za masomo kwa kadiri ya hesabu hiyo. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes, iliyozuru nchi hizi mwaka 1924, ikiwa na Dk. Kwegyir Aggrey wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, miongoni mwa wajumbe wake, ilishauri elimu ilingane na maisha ya kijijini, yaani kilimo, afya na kazi za mikono. Ushauri huo ulikuwa na hekima yake, ila uliwapendeza mno watu ambao hawakutaka kumwona Mwafrika katika sheria, uhandisi au falsafa.

Makerere, huko Kampala, uliokuja kuwa chuo cha fahari kuliko vyote katika sehemu hizi, ulianza mwaka 1922 ukiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa kutwa, waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, kwanza kwa ajili ya wana wa watawala wa makabila. Alliance, karibu na Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1926 na misheni za Kiprotestanti zilizoungana. Shule hizo chache zikawa vituo vya lazima kwa kila aliyetaka kufika Kampala, na Kampala ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Wanawake hawakuingia Makerere mpaka mwaka 1945, na mwaka 1949 chuo kilifungamana na Chuo Kikuu cha London, wanafunzi wake wakatahiniwa kwa shahada za London.

Mfumo wa mitihani uliomfikisha mtu huko ulikuwa na ukali ambao kijana wa leo ni vigumu kuufahamu. Nchini Kenya, baada ya Ripoti ya Beecher ya 1949 juu ya elimu ya Waafrika, masomo yaligawanywa katika vipindi vitatu vya miaka minne minne, na mwisho wa kila kipindi palisimama mtihani uliowarudisha watoto wengi mashambani. Mwisho wa mwaka wa nane palikuwa na mtihani uliojulikana kwa herufi zake, KAPE. Na mwisho wa mwaka wa kumi na mbili palikuwa na cheti cha Cambridge, ambacho karatasi zake zilivuka bahari kwenda kusahihishwa Uingereza. Aliyeugua siku ya mtihani, au aliyeitwa kwao kwa msiba, au ambaye ada yake ilichelewa muhula mmoja, aghalabu hakupata fursa nyingine. Na maadamu nafasi zilikuwa chache kwa makusudi, kushindwa kulikuwa ndiyo kawaida na kufaulu ndiyo ajabu. Hata hivyo aliyeshindwa aliambiwa kwamba amekosa akili, naye mara nyingi aliamini.

Tazama basi jinsi mambo yasiyo ya akili yalivyoamua hatima za watu wenye akili. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, umri ambao katika nchi nyingine mtoto huwa anamaliza elimu ya msingi. Baba yake alikuwa mtemi wa Wazanaki, asiyejua kusoma, lakini utemi wake ulikuwa sifa iliyosomeka vema katika ofisi ya Mwingereza. Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora mwaka 1937, kisha Makerere mwaka 1943, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, alikopata shahada mwaka 1952. Akili yake haina shaka; lakini Butiama na vijiji jirani havikukosa watoto wengine wenye akili, ambao baba zao hawakuwa watemi.

Tom Mboya naye, aliyezaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge ambalo baba yake alilifanyia kazi, alifika Mang'u, shule ya Wakatoliki iliyosifika, kisha fedha zikamkatiza njia. Mshahara wa mkonge haukutosha kumsomesha yeye zaidi na kuwasomesha wadogo zake pia. Akajiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya katika Jeanes School, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na nafasi pekee ya chuo aliyoipata baadaye ilikuwa mwaka mmoja katika Ruskin College, Oxford, kuanzia 1955. Msomaji aliweke jina hili akilini, maana litarudi.

Kwa upande wa wasichana mlango ulikuwa mwembamba zaidi, na aliyeufungua mara nyingi alikuwa mtu wa nyumbani mwenyewe. Wangari Maathai ameandika katika kumbukumbu zake kwamba shule aliianza kwa sababu kaka yake alimwuliza mama yao mbona Wangari haendi shule kama wao, na mama, ambaye mwenyewe hakusoma, aliona kuwa hapana sababu ya kumzuia. Lau mama yule angalijibu kama walivyojibu wengi wa zama zake, kwamba kuni na maji na watoto wadogo vinahitaji mikono, Kenya isingalipata mwanachuoni yule, na wala hapana mtu angalijua kilichopotea. Kutoka shule ya masista Nyeri alikwenda Loreto, Limuru, akamaliza mwaka 1959, mwaka ambao, kwa bahati yake, jambo kubwa lilikuwa linaanza.

Kabla ya kulifikia jambo hilo yafaa kueleza kwamba watu hawakukaa wakingoja. Mbiyu Koinange, mwana wa chifu wa Kiambu, alikwenda Marekani mwaka 1927, akasoma Hampton, kisha Ohio Wesleyan na Columbia. Aliporudi kwao alianzisha mwaka 1939 chuo cha ualimu cha Githunguri, kilichohudumia shule huru za Wakikuyu, shule ambazo wananchi walizijenga kwa michango yao na kuziendesha nje ya mamlaka ya misheni. Wazee wasiojua kusoma ndio waliotoa ardhi, mbuzi na shilingi ili watoto wasome. Serikali iliufunga Githunguri mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, na shule huru zikafungwa pamoja nao. Maelfu ya watoto wakajikuta nje, na watu wazima wakajua kwamba nafasi ya kusoma waliyojipatia wenyewe yaweza kufutwa kwa amri ya siku moja.

Katika miaka ya hamsini, kwa hiyo, macho ya vijana yalianza kutazama mbali, na chombo chao kikawa barua. Katika miji mikubwa palikuwa na maktaba za Idara ya Habari ya Marekani, na ndani yake vitabu vyenye orodha ya vyuo vya nchi ile, vyuo vingi kuliko mtu alivyoweza kufikiri, kila kimoja na anwani yake. Kijana alinakili anwani, akanunua stempu kwa fedha ya chakula, akaandika kwa mwandiko wake bora kabisa, akangoja kwa miezi. Jibu lilipokuja lilikuwa na fomu iliyojaa maswali yaliyotungwa kwa ajili ya watu wa namna nyingine: tarehe ya kuzaliwa, kwa mtu aliyezaliwa mwaka wa nzige, kazi ya baba na pato lake kwa mwaka, kwa mtu ambaye baba yake hakuwa na pato ila mavuno, jina la mtu wa kumdhamini, kwa mtu ambaye Mzungu pekee aliyemjua ni mwalimu mkuu aliyemfukuza. Hapakuwa na mzazi wa kumwuliza maana ya maswali hayo. Barua ya chuo ilipofika kijijini, aliyeiandikiwa ndiye pekee aliyeweza kuwasomea wazazi habari za hatima yake mwenyewe.

Legson Kayira wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, aliuchukua mkondo huo mpaka mwisho wake. Mwaka 1958 aliondoka kijijini kwao kwa miguu akiwa na nia ya kufika Marekani, akapita Tanganyika akifanya vibarua na kulala kwa wasamaria, akafika Kampala. Katika maktaba ya Wamarekani alipata jina la Skagit Valley College, chuo kidogo katika jimbo la Washington ambacho hakuna mtu katika njia yote aliyopita aliyepata kukisikia, akaandika, akakubaliwa na kuahidiwa msaada wa masomo. Bado ilimbidi afike Khartoum kutafuta ruhusa ya kuingia Marekani, naye akaenda, na watu wa mji wa chuo kile wakachangisha nauli yake. Baadaye alisoma Cambridge, akaandika riwaya. Naye Barack Obama, baba wa aliyekuwa rais wa Marekani wa jina hilo, aliondoka shule ya Maseno bila kumaliza, akawa karani Nairobi. Akajiandaa kwa masomo ya posta, akaviandikia vyuo vingi, na kwa kusaidiwa na Elizabeth Mooney, mwalimu Mmarekani wa kisomo cha watu wazima aliyemfanyia kazi, alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959. Mtu mmoja aliyejua jinsi fomu inavyojazwa alimfaa kuliko mitihani mingi.

Kufikia wakati huo ilikuwa dhahiri kwamba barua za vijana zilikuwa zinafanikiwa. Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea, na vingine kuwasamehe ada. Kilichowashinda ni nauli ya kuvuka bahari mbili. Hapo ndipo Mboya, aliyekwisha kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alipoingia. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia na kuomba nafasi za masomo. Rafiki yake William Scheinman, mfanyabiashara, akashirikiana naye kuunda taasisi ya kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Na Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji wakatia saini barua ya kuwaomba watu mchango. Mwezi Septemba mwaka huo ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Wakati huo huo katika vijiji kulikuwa na michango ya namna nyingine. Palifanywa karamu za chai, ambapo kikombe kiliuzwa kwa bei isiyo ya chai. Ng'ombe wakauzwa, na mahali pengine kipande cha shamba. Mchango huo ulikuwa hisani na tena ulikuwa deni: aliyetoa shilingi yake alijihesabu kuwa mwenye hisa katika kichwa cha kijana yule, na kijana alilijua hilo kila alipoosha vyombo katika mikahawa ya Marekani ili kujiongezea fedha, au alipokuta katika majimbo ya kusini kwamba rangi iliyomzuia Nairobi ilimzuia huko pia.

Ndege ya mwaka wa pili ilikuwa karibu ishindikane kwa kukosa fedha. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikwisha kukataa kusaidia. Mwezi Julai 1960 Mboya alionana na Seneta John Kennedy huko Hyannis Port, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Mara habari hiyo ilipojulikana, wizara ikaona nayo inaweza kutoa kiasi hicho hicho, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa rais, na nafasi ya mwana wa mkulima wa Nyeri ikawa jambo la kugombewa baina ya Kennedy na mpinzani wake Nixon. Wangari alikuwa miongoni mwa waliosafiri mwaka ule, akaenda Mount St. Scholastica College huko Atchison, Kansas. Kufikia mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamesafirishwa kwa mpango huu, wengi wao kutoka Kenya, na wengine kutoka Uganda, Tanganyika, Unguja, Nyasaland na Rhodesia zote mbili.

Wakuu wa Kiingereza hawakuupenda mpango huu. Walisema vyuo vingi vya Marekani ni hafifu, na kwamba waliopelekwa ni wale walioachwa na Makerere. Sehemu ya kwanza ya hoja ilikuwa na ukweli kidogo, kwani vyuo vya nchi ile hutofautiana mno. Ama sehemu ya pili iliwarudia wenyewe, kwa kuwa kuachwa na Makerere kulikuwa ni kuachwa na hesabu waliyoipanga wao. Wahitimu waliorudi walishika wizara, wakafundisha vyuoni, wakaendesha hospitali na mashirika, na hapana aliyewauliza tena kama wangalifaa kuingia Kampala.

Lakini insafu yatulazimisha kusema na upande wa pili. Ndege haikuchukua kila mwenye akili. Ilichukua walioipata habari, walioweza kufika Nairobi, walioijua ofisi ya kuingia, na waliojulikana na watu wa siasa. Wakenya walikuwa wengi kupita majirani, wanaume wengi kupita wanawake, na manung'uniko ya upendeleo wa kabila hayakukosekana. Oginga Odinga, mwanasiasa mwingine wa Kenya, alipeleka vijana wake katika nchi za kikomunisti za Mashariki. Wana wa Unguja walikwenda Cairo. Nako huko kote palitakiwa barua ya mkubwa. Hesabu ya makarani ilivunjwa, na ukaribu na wenye madaraka ukashika mahali pake.

Uhuru ulileta vyuo nyumbani. Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU na wanafunzi 14 wa sheria, idadi ile ile ya mafundi wa Makerere wa 1922. Na mwaka 1963 vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam viliungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, muungano uliodumu mpaka 1970. Nafasi ziliongezeka maradufu na tena maradufu. Hata hivyo waliotangulia walioa na kuolewa, wakazaa, wakawapeleka watoto wao katika shule nzuri za mjini, wakawajazia fomu kwa mkono unaozijua. Na haukupita muda mrefu kabla ya mtoto wa mwenye shahada kuwa na mwendo mwepesi kuelekea shahada, huku mtoto wa mkulima akianza pale pale alipoanza baba wa mwenzake. Nasaba iliyokuwa imetolewa Lamu kwa mlango wa mbele ikaingia tena kwa mlango wa nyuma, ikiwa imevaa joho la mahafali.

Katika watu wote niliowataja, aliyewapatia wengine nafasi nyingi kupita wote ni Mboya, ambaye hakupata kusomea shahada, na ambaye aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 kabla ya kutimiza miaka 39. Hili si sadfa. Yeye aliijua barabara siku ambayo ada hukatiza masomo ya mtu asiye na kosa, na kwa hiyo hakudhani kwamba waliobaki nje walistahili kubaki nje. Mwenye kupita mlango mwembamba hujaribiwa sana kuamini kwamba upana wake ulipimwa kwa haki, maana akiamini hivyo hujiona bora. Na elimu ya juu, kwa masikitiko, humpa maneno mazuri ya kuitetea imani hiyo. Historia hii yamwambia kinyume chake: kwamba alivushwa, na kaka aliyeuliza swali, na mama aliyekubali, na jirani aliyenunua chai kwa bei ya ng'ombe, na kwamba hati ya deni lile imo mikononi mwa watu ambao hawakupata kujifunza kuisoma.